Sambaza juu ya watoto

Barua za mwezi huu ni nyingi, na sijui mmekutana wapi mkakubaliana, maana karibu zote zinauliza kitu kimoja: kale kasauti ka i au e tunakokachomeka karibu na mwisho wa kitenzi, pika ikawa pikia, leta ikawa letea. Shuleni wanakaita kauli ya kutendea. Nimechagua barua chache, moja ilikuwa na kurasa sita nimeipunguza (mwenyewe anisamehe), majina tunayaacha kama kawaida, tunaweka kartie tu, yaani mtaa wa hapa Goma. Namna ya kuandika sikuigusa, kila mtu aongee na mdomo wake.

Mama muuza sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani), Kituku

"Mwalimu jambo. Mi niko nauzisha sambaza hapa Kituku, miaka kumi na tatu sasa. Siku ile kulikuya klianti moya, mama wa Kigoma, anafanyaka biashara ya vitenge. Tuliongea muzuri tu, akaniuliza sambaza zenye zinabakiaka mangaribi nazifanyaka nini, nikamwambia zile napikaka juu ya watoto. Huyo mama alicheka mpaka akaikala chini ku bido (dumu)! Ananiambia eti watoto wako hawaungue? Nilisikia haya. Sasa nauliza, nilisema mubaya? Na kama nilisema mubaya basi tunasemaka mubaya sisi wote hapa Goma, juu hata pasta anasemaka Yesu alikufa juu yetu."

Mama, jambo sana, na haya uiache. Huyo mama alicheka kwa sababu kwao "juu ya" ni mahali kwanza: kitabu kiko juu ya meza, paka yuko juu ya nyumba. Alipokusikia aliona sufuria inachemka, halafu chini yake badala ya makala kuna watoto wako wamejipanga. Kwetu hapa "juu ya" imebeba kazi zingine mbili, ya "kwa sababu ya" na ya "kwa ajili ya", ndiyo maana tukitaka kujua sababu tunauliza "juu ya nini?" na hakuna mtu anatazama dari. Hata vijana wa Nairobi wanasema "sikukuja juu nilikuwa mgonjwa". Pasta wako basi hajakosea mbele ya waumini wake, ila siku akialikwa kuhubiri Kigoma ajipange.

Sasa, mama wa Kigoma mwenyewe angesemaje? Angesema "ninawapikia watoto". Basi, neno moja tu na "watoto" nyuma yake. Uangalie vile limefanywa: pika ilikuwa na nafasi ya kitu kimoja tu, chenye kuingia kwenye sufuria, napika sambaza, napika sombe. Ukiingiza i, pikia, umefungua nafasi ya pili, na hiyo ni ya mtu, yule anayengojea na sahani. Na huyo mtu akishaingia anachukua kiti cha mbele kabisa: "ninaWApikia watoto sambaza", ile wa- ni ya watoto, sambaza wanakuja nyuma bila kelele. Usiseme "ninazipikia watoto sambaza", hapo umewapa sambaza kiti cha watoto.

Na usifikiri hiki ni kitu cha Watanzania ambacho sisi hatuna. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa huko huko Kituku, nimesimama karibu na mizani, pengine hata ya kwako, mama mmoja amefunga kitenge cha bluu akafika na haraka zake. Nilimsikia hivi: "Mama nipimie kilo moja. Niongezee. Eh, niongezee tena, unaniibia hivi hivi mchana? Basi nipunguzie bei. Nifungie vizuri ndani ya sashe isivuje. Wewe mdogo, nibebee mpaka kwa motari" (yule wa pikipiki ya kubeba watu). Dakika mbili hazikufika na alikuwa ameitumia kutendea mara saba, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Ukitaka kuona kazi ya kale kasauti, kaondoe. "Nipime" ni yeye mwenyewe anapanda kwenye mizani. "Nipunguze", anataka kukonda. "Nifunge" ni kamba au ni jela, achague. "Nibebe", na yule mdogo wa watu angevunjika mgongo.

Kwa hiyo mama wewe kutendea unayo tayari, unaitumia kutwa nzima pale sokoni, unapofika nyumbani ndiyo unaiacha mlangoni na kuchukua "juu ya". Mimi sikukatazi "juu ya" ukiongea na jirani. Ila klianti akitoka Kigoma, Mwanza au Mombasa, na tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 wafanyabiashara wa kwao tunakutana nao zaidi, sema "ninawapikia watoto" na ataketi kwenye bido bila kucheka. Na pasta anaweza kusema "alikufa kwa ajili yetu", ama kama ni mtu wa kupenda maneno mafupi, "alitufia".

Nikae hapo hapo jikoni kidogo, kwa sababu pikia haibebi watu tu. Ukisema "mi napikia makala", makala siyo mlaji, ni chombo, ndiyo unachotumia kupika. (Wasomaji wa Dar es Salaam: makala kwetu ni yale meusi ya kuchoma, ninyi mnayaita makaa, na hiki mnachosoma sasa siyo cha kuwashia mbabula.) Ukisema "napikia nyuma ya nyumba", ni mahali. "Unapikia nini saa hii usiku?" ni sababu, unaudhika, unataka kujua kwa nini. Kasauti kamoja, kazi nne. Unatofautisha namna gani? Mtu anajitangaza mwenyewe, anaingiza alama yake ndani ya kitenzi, nawapikia, nampikia, nikupikie. Chombo na mahali kwa kawaida havina hiyo heshima. Ndiyo maana tunasema kisu cha kukatia nyama, ndoo ya kuchotea maji, kitanda cha kulalia, havina wa- wala m-.

Kitu cha mwisho, halafu nakuachia. Ukimuona tena yule mama mwambie sambaza ulizompimia zilitoka ziwa la kwao. Ziwa Kivu zamani halikuwa nazo, tuliletewa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Umesikia? Tuliletewa. Leta, letea, letewa.

Motari, ronpwen (mzunguko wa barabara) Signers

"Ya mwalimu, kuna klianti wananiambiaka 'nishushie hapa' na hawana hata mufuko. Ingine siku nikauliza moya, nikushushie nini mama? Akakasirika, alifikiri namuchezea, akatupa makuta chini. Nani iko na haki?"

Wewe, kaka, lakini haki ya namna hiyo haikuletei makuta, pesa zako. "Nishushe" ni mimi nishuke. "Nishushie bido" ni bido ishuke, mimi nitabaki nimekaa au nilishashuka, hiyo siyo kazi yako. Neno limepita njia ndefu: shuka, halafu shusha (unafanya kitu kishuke), halafu shushia (unakishusha kwa faida ya mtu). Kwa kawaida kusababisha kunatangulia na kutendea kunafuata nyuma, ndivyo ilivyo rudi, rudisha, rudishia, kama vile "nirudishie makuta yangu" wanayokuimbia kila siku ukisema huna za kurudisha.

Yule mama nadhani alichanganya na "shukia". Hiyo iko, ni ya mahali: "mi nashukia hapa", "tutashukia Signers". Alitaka kusema "nashukia hapa" ulimi ukakimbia mbele. Siku nyingine simamisha pikipiki kwanza, sarufi baadaye.

Mwanafunzi wa Himbi, alikulia Kinshasa

"Bonjour mwalimu, nilizaliwa Goma lakini nilikulia Kin, nimerudi kwa ajili ya iniversite. Wenzangu wananicheka ninaposema 'nipikee' na 'niandikee'. Naona wao wenyewe wanasema 'nisomee' na 'niletee' na e, sasa mimi nakosea wapi? Na kwa nini nunua inakuwa nunulia, hiyo l inatoka wapi? Nimetafuta sheria sijaipata."

Mdogo wangu, kosa lako nalijua nyumba linakotoka, limetoka kwenye Kilingala. Kilingala hakina wasiwasi, kina -el- moja kwa vitenzi vyote: kolamba, kolambela. Kosomba, kosombela. Kosala, kosalela. Hujali vokali ya mbele ni ipi. Umeizoea hiyo ukaileta nyumbani.

Kiswahili kinasikiliza kwanza. Kinatazama vokali ya mwisho ya shina, ile iliyo kabla ya a ya mwisho. Ikiwa ni e au o, kinaweka e: leta letea, cheka chekea, soma somea, choma chomea, omba ombea. Ikiwa ni a, i au u, kinaweka i: pata patia, pika pikia, andika andikia, funga fungia. Hivyo tu. Usikariri orodha, litamke tu, utaona mdomo wenyewe hautaki kuruka kutoka o kwenda i. Na sheria hiyo hiyo utaikuta kwenye ndugu zake wengine, pika na pikisha lakini soma na somesha, kwa hiyo ukiishika mara moja umepata vitu viwili kwa bei ya kimoja. Kama una rafiki anayeongea Kinyarwanda muulize, atakuambia guteka gutekera, kugura kugurira, wao wana r pale sisi hatuna kitu lakini masikio ni yale yale.

Haya, ile l. Hii napenda kuieleza kuliko zote. Kitenzi kikiishia vokali mbili, nunua, chukua, ondoa, tembea, kimbia, kaa, ile l inatokea katikati kama mgeni: nunulia, chukulia, ondolea, tembelea, kimbilia, kalia. Siyo mgeni. Ni mwenye nyumba. Zamani vitenzi hivi vilikuwa na l mwishoni, Kiswahili kikaidondosha njiani, kaa ilikuwa kala. Lugha zingine bado wanayo, Wabemba upande wa Katanga wanasema ukwikala. Mama muuza sambaza hapo juu, ukirudi kwenye barua yake, kaandika "akaikala chini", unaona? L yenyewe imekaa Kituku muda wote huu na wewe unaitafuta iniversite. Ukiongeza kutendea ile l inakumbuka njia ya kurudi. Vokali inafuata sheria ile ile: nunulia ina i kwa sababu ya u, ondolea ina e kwa sababu ya o.

Vitenzi vilivyotoka Kiarabu vinafanya kidogo kwa namna yao: fikiri fikiria, jibu jibia, samehe samehea, sahau sahaulia. Vile vifupi pia: nywa nywea (glasi ya kunywea), la lia. Hiyo ya mwisho ina hatari zake, ngoja kidogo kuna barua.

Fundi wa kushona, sasa hivi Katindo

"Mwalimu nilihamisha atelie yangu kutoka Majengo, nikalipia kijana wa banderole aandike TUMEHAMA KATINDO na namba ya telefone, tukaining'iniza pale pale Katindo mbele ya mlango mpya. Mwezi mzima watu wanapita hawaingii. Mmoja akanipigia akaniuliza, sasa mumehamia wapi? Nikamwambia Katindo! akasema lakini mumeandika mumetoka Katindo. Kijana wa banderole anasema aliandika vile nilimwambia. Kweli nilimwambia vile."

Pole fundi. Hapa ile i moja imekula mwezi mzima wa kazi yako. Hama Katindo ni kuondoka Katindo. Hamia Katindo ni kufika na vyombo vyako. Ni kinyume kabisa, mchana na usiku, na kati yao kuna herufi moja tu. Kutendea hapa hakuna mtu wa kufaidi, kunaonyesha uelekeo, mguu unaenda wapi.

Watu wa Goma hii tungepaswa kuijua kuliko wote. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, volkano yetu, ilipotoa moto, na siku tano baadaye tulipoambiwa sehemu kubwa ya mji iondoke, tulihama Goma. Wengine tukahamia Sake, wengine wakahamia Rutshuru, wengine wakapanda boti wakahamia Bukavu. Mimi nilikuwa na godoro kichwani na redio ndogo ndani ya mfuko, na yule jirani yangu ambaye haongei na mtu alisimama njia panda anauliza kila anayepita "munahamia wapi? munahamia wapi?", hakuuliza munahama wapi, hiyo kila mtu alikuwa anaijua, ilikuwa nyekundu nyuma yetu.

Mwenzake ni kimbia na kimbilia. Ukisema mtu "anakimbia polisi", polisi wako nyuma. Ukisema "anakimbilia polisi", polisi wako mbele na anataka msaada. Mwaka ule tulikimbia moto, wengi wakakimbilia Gisenyi. Jaribu kubadilisha hizo mbili uone utafikia wapi.

Banderole usiitupe. Kati ya M na K kuna nafasi? Mwambie kijana asukume ile A na achomeke I, TUMEHAMIA. Bila malipo, ingawa najua atasema rangi imepanda.

Dada wa Kyeshero

"Papa alininunulia telefone nikaweka foto yake ku statut na nikaandika 'Nimenunuliwa na papa'. Ile siku walinisumbua! Ngombe ngapi? Bei gani? Nani ingine anauza?"

Dada, hapo huna kosa kubwa, lugha ndiyo imekuchezea. Angalia wenzake: uji umepikwa, mtoto amepikiwa. Barua imeandikwa, mimi nimeandikiwa. Maji yameletwa, tumeletewa maji. Kila mmoja ana mlango wake, kitu kinapita kwenye -wa, mtu anapita kwenye -iwa au -ewa. Lakini nunua, kwa sababu ya ile l niliyomweleza mwanafunzi, inatoa nunuliwa kwa wote wawili, telefone imenunuliwa na dada amenunuliwa, mlango mmoja. Dawa yake ni kutaja kitu, na kukitaja haraka: "Nimenunuliwa telefone na papa". Ukiweka papa kabla ya telefone umeshawapa nafasi ya kuuliza ng'ombe.

Tukiwa hapo hapo, telefone ikipotea: telefone imeibwa, wewe umeibiwa. Watu wengi wanasema "telefone yangu imeibiwa" na sitapigana na mtu aliyetoka kuibiwa, ana matatizo mengine, lakini mimi nikisikia hivyo najiuliza telefone yenyewe imepoteza nini.

Mzee, Ndosho

"Mdogo wangu alikufia Kampala mwezi wa pili. Watu wakaja kunipa pole wanasema nimefiwa. Mwalimu, kufa ni kwake yeye. Mimi sikufa. Neno hili linanifuata usiku, nieleze."

Mzee, pole sana, na pole haitoshi.

Kufa ni kwake, umesema kweli, na kitenzi hicho hakina nafasi ya mtu wa pili, mtu anakufa peke yake. Lakini Kiswahili kimekataa kuiacha hivyo. Kimeingiza ile i, fia, kikafungua nafasi kwa anayebaki: "amenifia". Siyo kwa faida yako, maana wengi wanadhani kutendea ni faida siku zote, hapana, ni kukugusa, kizuri au kibaya. Kutoka hapo ndipo linatoka "nimefiwa na mdogo wangu". Yeye alikufa, wewe ulifiwa. Ni njia ya lugha kusema kwamba kile kilichotokea Kampala kilikupata wewe Ndosho. Tunasema vivyo hivyo kwa mvua, mvua inanyesha tu, haina habari na mtu, lakini sisi tunasema tumenyeshewa.

Na ulivyoandika "alikufia Kampala", hiyo ni fia ya mahali, ile ku- tunaiweka sana huku kwetu, wengine wanasema "alifia Kampala". Ni neno hilo hilo linafanya kazi mbili, la mahali na la kukugusa.

Mwenye restora, Birere

"Nimeandika ku mlango MAHALI PA KULIA. Klianti wanaingia wanacheka. Nibadilishe?"

Usibadilishe, angalau wanaingia. La likiongezwa linakuwa lia, pa kulia chakula, sahani ya kulia, na limefanana bila damu ya undugu na lia ya machozi. Hata mkono wa kulia umetoka kwenye chakula, ni mkono wa kulia ugali, ingawa sisi huku tunasema wa kuume. Machozi nayo yakitaka kutendea yanakuwa lilia: "unalilia nini?" ni kumuuliza mtu sababu ya machozi yake. Ukiona klianti anatoka na uso mbaya baada ya kulipa unaweza kumuuliza hilo.

Kama unataka amani andika MAHALI PA KULIA CHAKULA, na ongeza bei ndani, siyo mlangoni.

Msomaji wa zamani, Mabanga

"Endelea ni kutendea ya nini?"

Ni ya enda, lakini mara mbili. Enda, endea ("nimeendea dawa", nimeenda kuzichukua), endelea. Kutendea kukirundikwa juu ya kutendea mara nyingi kunaacha kazi ya mtu na kuwa kukazania: shika, shikia, shikilia. Tupa, tupia, tupilia mbali. Penda, pendelea, hiyo hata maana imehama kidogo, mzazi anapenda watoto wote na anapendelea mmoja, na mnajua ni nani.

Kijana asiyetaka kartie yake itajwe

"Mwalimu haraka tafazali. Bibi niko namutongoza amenitumia mesaji: 'Nipige saa mbili usiku'. Nifanye nini?"

Mpigie. Saa mbili kamili, na uwe na inite za kutosha, maana labda alikosa herufi moja tu. Akipokea mwambie taratibu kwamba ni "nipigie", halafu usiendelee na somo, ongea mambo mengine.